Stimpanki kuanzia mwanzo: mwongozo wa kuisoma, kuiandika, kuivaa na kuitengeneza

Wazee wetu walipoziona mashine za mvuke mara ya kwanza, walizipa majina kwa kile walichokiona. Treni ikawa gari la moshi, meli ikawa merikebu ya moshi. Mhandisi aliyeziunda alikuwa akiuwaza mvuke uliofungiwa ndani ya chuma, nguvu isiyoonekana. Aliyesimama kando ya reli aliuona moshi, na jioni aliukuta kwenye kanzu yake. Mtindo ninaotaka kukufundisha unahitaji macho yote mawili. Wengi wanaouanza hujifunza la mhandisi peke yake, ndiyo maana kazi zao hung'aa sana na kusema machache.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajui lolote kuhusu stimpanki, au ameziona picha za watu wenye miwani ya duara na kofia ndefu akajiuliza kuna nini pale. Nitakupitisha hatua kwa hatua: maana yake, namna mashine zake zinavyofanya kazi, vya kusoma, namna ya kubuni dunia yako mwenyewe, kisha mavazi na kazi ya mikono. Hatua ya nne na ya tano ndizo ninazozijali zaidi, kwa hiyo usishangae nikikaa hapo muda mrefu.

Hatua ya 1: Jua neno limetoka wapi

Stimpanki ni tawi la hadithi za kisayansi linalouliza swali moja: ingekuwaje kama teknolojia ya karne ya 19, yaani mvuke, shaba, gia na springi za saa, ingeendelea kukua bila kupishana njia na petroli, transista na plastiki? Humo angani kuna maputo makubwa yenye injini, kompyuta zinazungushwa kwa mkono, na wanasesere wa chuma hutembea kwa nguvu ya springi.

Sehemu ya kwanza ya jina unaifahamu tayari. Kamusi zetu zinalo neno stima kwa maana ya meli ya mvuke, na Kenya neno hilohilo limekuwa jina la umeme. Sehemu ya pili, panki, wengi wetu tuliijua kinyozi akiwa na mashine mkononi, lakini asili yake ni vijana waasi wa muziki wa miaka ya 1970. Aliyeziunganisha ni mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, katika barua iliyochapishwa na jarida la Locus mnamo Aprili 1987. Yeye na wenzake wawili, Tim Powers na James Blaylock, walikuwa wakiandika hadithi za ajabu zilizowekwa katika Uingereza ya Malkia Victoria, na kazi hizo hazikuwa na jina. Wakati huo saibapanki, hadithi za kompyuta na miji michafu ya kesho, ndiyo iliyokuwa ikivuma. Jeter akapendekeza jina kwa utani wa kuifuatisha, na utani ukageuka jina rasmi.

Utasikia watu wakisema Jules Verne na H. G. Wells ndio waliobuni stimpanki. Sikubaliani nao. Verne alipoiandika nyambizi ya Nautilus, katika riwaya iliyotoka kitabuni mwaka 1870, alikuwa akitazama mbele. Wells alipotoa hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati, mwaka 1895, naye alitazama mbele. Mwandishi wa stimpanki anatazama nyuma, na anajua yaliyotokea: makoloni, migodi, watoto viwandani, vita. Anayejua hayo hawezi kuandika kana kwamba hayajui, na hapo ndipo panki inapoingia. Bila hiyo, inabaki stima tu.

Hatua ya 2: Elewa injini kabla ya kuichora

Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kuelewa kinachokifanya kifuniko cha sufuria ya maharage kirukeruke jikoni. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mno: lita 1 ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Ukiunyima mvuke nafasi hiyo, utasukuma chochote kilicho mbele yake.

Injini ni njia ya kuuelekeza msukumo huo. Moto huwaka kwenye tanuri. Joto lake hupita kwenye boila lililojaa maji. Mvuke huingia kwenye silinda na kuisukuma pistoni. Pistoni huvuta na kusukuma fito. Fito huzungusha gurudumu. Mvuke uliokwisha kazi hutoka, na moshi wa tanuri hupanda kwenye bomba. Thomas Newcomen alikuwa na injini ya kuvuta maji migodini mwaka 1712. Ilikula makaa kupita kiasi kwa sababu silinda ilipashwa moto na kupozwa kwa zamu. James Watt aliutenga mvuke upozwe katika chombo chake pembeni, akapata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake, mwaka 1769, na hapo mashine ikawa ya faida. Mwaka 1829 treni ya Rocket ya akina Stephenson ilishinda mashindano ya Rainhill, na reli zikaanza kusambaa.

Kwa hiyo kila mashine utakayoibuni au kuiona kwenye filamu, iulize maswali haya: moto wake uko wapi, maji yanaingilia wapi, mvuke unasukuma nini, moshi unatokea wapi, na nani anatia makaa. Swali la mwisho ndilo ninalokuomba ulibebe mpaka mwisho wa mwongozo huu. Mashine nyingi za stimpanki mitandaoni zinajibu manne ya kwanza vizuri kabisa, kisha unatafuta mtu wa makaa humuoni.

Na alikuwepo. Katika karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza liliajiri mabaharia Waafrika katika Bahari ya Hindi, wengi wao wakichukuliwa Unguja. Waingereza waliwaita masidi, na kazi waliyopewa wengi wao ilikuwa kutia makaa katika vyumba vya boila, kwenye joto ambalo maofisa walidai Mzungu hawezi kulistahimili. Watu waliozungumza Kiswahili walikuwa ndani ya chumba cha mvuke tangu mwanzo. Hadithi zao karibu hakuna aliyeziandika.

Onyo moja, nalo nalisema kwa uzito wote: usitengeneze boila la kweli nyumbani. Bati lililochomelewa kienyeji haliwezi kulizuia shinikizo la mvuke, na likipasuka halitoi ishara. Mnamo Aprili 1865 maboila ya meli Sultana yalilipuka katika mto Mississippi na watu zaidi ya 1,100 walikufa. Katika stimpanki moshi wako uwe wa rangi na mawazo.

Hatua ya 3: Soma na tazama kwa mpangilio

Anza na Verne, ukisoma kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu wiki tano ndani ya puto. Puto hilo, Victoria, linapaa kutoka Zanzibar na kuvuka Afrika mpaka Senegal. Kisome ukiwa na penseli. Kila msafiri mle ndani anatazama chini. Watu wa bara wanaonekana kama madoa, kelele au hatari. Jiulize hadithi ingekuwaje kama ingesimuliwa na mtu wa pwani aliyelitazama puto likipaa. Zoezi hilo peke yake limenifundisha mengi kuliko vitabu vitatu vilivyofuata.

Kisha nenda kwenye The Difference Engine ya William Gibson na Bruce Sterling, iliyotoka mwaka 1990. Ina msingi wa kweli: Charles Babbage alianza miaka ya 1820 kubuni mashine ya kukokotoa kwa magurudumu ya meno, baadaye akabuni nyingine iliyoweza kupewa maelekezo kwa kadi zenye matundu, na Ada Lovelace akachapisha maelezo yake kuhusu mashine hiyo mwaka 1843. Babbage hakumaliza hata moja. Riwaya inauliza: ingekuwaje kama angemaliza? Si kitabu chepesi, vumilia kurasa 50 za mwanzo. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilijenga toleo la pili la mashine yake ya kukokotoa, si ile ya kadi, kutokana na michoro yake, na mwaka 1991 sehemu ya hesabu ikafanya kazi sawasawa, miaka 120 baada ya kifo chake.

Baada ya hapo soma waliokataa kubaki London. Everfair ya Nisi Shawl, ya mwaka 2016, imewekwa Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji: watu waliokimbia ukatili wa mpira wanajenga nchi yao, na waliokatwa mikono wanapata mikono ya shaba. Nikikifikiria kitabu hicho, mikono ile ndiyo inayonijia kwanza, kwa sababu pale gia si pambo. P. Djèlí Clark ameiweka Kairo yake mwaka 1912, mji wa tramu, maputo na majini. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kuelezwa jini ni nani, na hiyo ni faida tuliyonayo juu ya wasomaji wengi wa Marekani.

Kwa filamu, tazama Laputa ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1986 na Steamboy ya Katsuhiro Otomo ya mwaka 2004. Kati ya tamthilia za karibuni, Arcane iliyoanza 2021 inaonyesha vizuri mji uliogawanyika, juu wanaofaidi mashine na chini wanaovuta moshi wake.

Hatua ya 4: Chagua mahali na mwaka wako

Kosa la kawaida la mwandishi anayeanza, hata aliyezaliwa Tanga au Kisumu, ni kuipeleka hadithi London moja kwa moja: ukungu, taa za gesi, bibi mwenye mwavuli. London ni halali, ila ijulikane ni chaguo. Na kabla hujachagua, fahamu kwamba ule mng'aro wa zama za Victoria kwa sehemu ulitoka huku.

Sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini Mrima, ilisafirishwa kupitia Unguja na kuwa vanishi iliyothaminiwa kuliko nyingi: mbao za samani na magari ya farasi ziling'aa kwa ajili yake. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara zilivuka bahari mpaka Connecticut zikawa vibao vya piano. Na upande wa pili, kitambaa cha merikani kilichovaliwa mpaka Ujiji kilitoka Massachusetts, ambako mji wa Salem ulikuwa na kiwanda kikubwa cha pamba kilichoendeshwa kwa mvuke tangu miaka ya 1840. Mpagazi aliyebeba pembe akilipwa kwa doti za merikani alikuwa ndani ya uchumi wa mvuke hata kama hajawahi kuisikia pistoni. Hapo una hadithi tayari, na hujaweka puto hata moja.

Sehemu tatu ninazozipendekeza kwa anayeandika kwa Kiswahili ni hizi.

Ya kwanza ni Unguja ya Sultani Barghash, 1870 mpaka 1888. Huhitaji kuongeza mengi. Aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi, alikuwa na meli za mvuke zilizokwenda Bombay, na waya wa telegrafu chini ya bahari ulifika kutoka Aden mwaka 1879. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma lililokuja kuwashwa umeme kabla ya majumba mengine ya mji. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia kasri kwa muda usiofika saa moja na kuizamisha meli ya Sultani, Glasgow, pale pale bandarini. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, na kila nikitazama picha zake za zamani naumia kama mtu aliyefiwa.

Ya pili ni reli ya Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Wagikuyu wanasimulia utabiri wa Mugo wa Kibiru kuhusu nyoka wa chuma. Wanandi waliipinga reli kwa miaka mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Katika mapambano hayo walikata nyaya za telegrafu wakafanya mapambo, na bolti za reli wakafanya silaha. Ukiniuliza stimpanki ya kwanza ya Afrika Mashariki ni ipi, nitakuonyesha hiyo: chombo cha mtawala kimegeuzwa kidani shingoni.

Ya tatu ni Kigoma, 1913 mpaka 1916. Wajerumani waliijenga meli Graf von Goetzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye makasha takriban 5,000, na kuisafirisha kwa bahari mpaka Dar es Salaam kisha kwa reli kuelekea ziwa Tanganyika. Ikaelea mwaka 1915. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, waliizamisha wenyewe ili adui asiiteke, wakiwa wamepaka grisi mitambo yake ili isiliwe na kutu. Iliibuliwa mwaka 1924 na kuanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba, na mvuke uliendelea kuiendesha mpaka ilipowekwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Mwandishi yeyote wa Ulaya akibuni kisa kama hicho ataambiwa amezidisha chumvi.

Hatua ya 5: Badilisha jambo moja, kisha fuata athari zake

Dunia nzuri ya stimpanki hutokana na badiliko moja. Ukibadilisha mambo kumi, msomaji hajui ashike lipi. Nikuonyeshe ninavyofanya, kwa mfano ambao unaweza kuuchukua.

Tukio la kweli: Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani na kung'oa mikarafuu mingi. Barghash baadaye alinunua meli za mvuke kutoka nje. Badiliko langu: anaamua meli na maboila vijengwe hapahapa, karakana ikiwa ufukweni Malindi.

Sasa maswali. Chuma kinatoka wapi? Kwa meli kutoka India, kwa hiyo wafanyabiashara Wahindi wa mjini wanapata nguvu mpya juu ya kasri. Makaa ya mawe je? Yanatoka Uingereza, na Mwingereza akiudhika atayazuia. Basi mafundi wanajaribu kuni za mikoko, maana mkoko ni mti mgumu na moto wake una nguvu, na mikoko imejaa Rufiji. Nani anaikata? Jibu linauma: mwaka 1872 soko la watumwa la Unguja bado liko wazi. Linafungwa kwa mkataba wa Juni 1873, mwaka mmoja tu baada ya karakana yetu kuanza, ingawa utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Kwa hiyo mashine za fahari za Sultani zinawashwa na watu waliouzwa, wakati manowari za Kiingereza zinazowinda majahazi ya watumwa nazo zinawashwa na masidi wanaotia makaa. Mkata mikoko mmoja anatoroka kwa mtumbwi usiku akiwa na kitu alichokiiba karakanani. Kitu gani? Vali. Bila vali hiyo boila kubwa haliwezi kuwashwa.

Angalia tulivyofika pale. Hatukuanza na mhusika wala na mapigano. Tuliuliza mashine inakula nini, na mashine ikatuonyesha mtu. Andika maswali yako kwenye daftari, usiyajibu kwa haraka, na ukifika kwenye jibu linalokukosesha raha, hadithi iko hapo.

Kuhusu lugha, usitafsiri msamiati wa Kiingereza neno kwa neno. Tunayo manowari, nahodha, serehangi, kuli, dau, jahazi, karani, tarishi. Hayo ni maneno ya bandari ya karne ile, yana harufu ya lami na chumvi. Gia, pistoni, nati, bolti na ribiti yanatosha kwa karakana.

Hatua ya 6: Mavazi

Kanuni yangu ni fupi: chagua kazi kwanza, nguo baadaye. Rubani wa puto, fundi saa, mpiga telegrafu, mkunga mwenye vifaa vya shaba, mtia makaa. Ukishajua kazi, utajua kwa nini mfuko uko kiunoni na kwa nini kiganja kimoja kina glavu.

Kwa mwanamume wa pwani msingi upo kabatini. Kanzu iliyopandishwa na kufungwa kwa mkanda mpana wa ngozi, juu yake kizibao. Kizibao kilikuwepo huku kikivaliwa juu ya kanzu, hakihitaji kuomba ruhusa kwa wesikoti ya mtu yeyote. Ongeza mnyororo wa saa na glavu zilizochakaa. Kwa mwanamke, sketi ndefu ya kitambaa kizito, blauzi yenye mikono mipana, na kanga iliyofungwa kiunoni ikiwa na bisibisi na koleo zimechomekwa kwenye fundo. Mitumbani tafuta makoti marefu ya sufu, mikoba ya ngozi ya zamani na buti za kamba. Rangi ziwe za udongo: kahawia, nyeusi, kijani kibichi cha giza, nyekundu ya damu ya mzee.

Kofia ngumu ya mkoloni inauzwa sana katika maduka ya mavazi haya Ulaya. Ukiivaa, uwe na sababu ndani ya hadithi ya mhusika wako. Labda ameiteka vitani. Kuivaa kwa sababu inapendeza tu mimi siwezi, nikikumbuka waliokuwa wakipigiwa kelele na wenye kofia hizo.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni saa ya mfukoni inayosoma saa za Kiswahili. Tafuta saa mbovu au ya bei nafuu, ifungue, ondoa uso wake, na uchore mpya wenye 6 juu na 12 chini, kila namba ikiwa imehamia upande wa pili wa uso. Mshale wa saa ukielekea palipokuwa na 7, sasa utasoma 1, saa moja asubuhi kama tunavyosema. Dakika zinabaki kuhesabiwa kutoka juu. Mtu akiitazama atadhani imekosewa, nawe utapata nafasi ya kumweleza.

Hatua ya 7: Tengeneza miwani

Miwani ya duara ndiyo alama ya mtindo huu, na ni kazi nzuri ya kuanzia. Nunua miwani ya mafundi wa kuchomelea kwa gesi, yenye vioo viwili vya mviringo vinavyofunguka kwa kuzungusha pete. Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi utaipata kwa wauza vifaa.

Fungua kila kitu: pete, vioo, mpira wa kichwani. Osha plastiki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, maana hutoka kiwandani na mafuta na rangi haitashika. Ikikauka, pitisha msasa namba 400 taratibu mpaka mng'ao uishe. Mara ya kwanza niliiruka hatua hiyo kwa haraka zangu, na rangi yote ilibanduka kama ngozi ya nyoka baada ya wiki moja.

Puliza rangi nyeusi isiyong'aa ukiwa nje, chupa ikiwa umbali wa sentimita 25 hivi, matabaka mawili membamba. Acha usiku kucha. Kesho yake chukua rangi ya shaba na brashi ya nywele ngumu. Chovya ncha, kisha futa brashi kwenye kitambaa mpaka ionekane karibu haina rangi, halafu sugua kingo na sehemu zilizoinuka. Zile ndizo ambazo mikono ingezigusa miaka yote. Mabonde yabaki meusi. Mwishowe yeyusha rangi ya kahawia kwa maji, ipake yote, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa. Uchafu utabaki kwenye pembe, na plastiki itaonekana chuma cha zamani.

Kwa mkanda, mwone fundi viatu. Muombe kipande cha ngozi chenye upana wa sentimita 2.5, bizimu la kuufungia mkanda, na ribiti nne. Kaa hapo uangalie anavyopiga ribiti, utajifunza mengi.

Sasa ongeza kitu kimoja chenye kazi. Lenzi ya fundi saa iliyofungwa kwa waya pembeni ya kioo cha kulia, inayoweza kushushwa na kupandishwa, itamfaa mhusika anayetengeneza vitu vidogo. Gia zilizogandishwa kwa gundi juu ya kioo hazimfai mtu yeyote. Hazizungushi chochote na zinaziba macho. Ukiweka gia mbili, meno yake yaingiane na ukizungusha moja ya pili izunguke. Na kumbuka, ukishaondoa vioo vya giza, miwani hiyo haifai tena kwa kuchomelea.

Ukipata kipande cha shaba halisi, kisafishe kwa ukwaju kama bibi zetu walivyosafisha sinia. Kisha kinyunyizie siki na chumvi, kiweke ndani ya kopo lililofunikwa lenye siki kidogo chini bila kukizamisha, na uache siku moja au mbili. Kitatoka na kijani cha samawati ambacho rangi ya dukani haiwezi kukiiga. Kijani hicho ni sumu: osha mikono, na usifanye hivyo kwa chombo cha chakula. Vilevile usipashe moto bati wala bomba lenye zinki, moshi wake unadhuru mapafu.

Kwa msukumo, tafuta picha za miwani ya msanii wa Nairobi, Cyrus Kabiru, anayeiunda kwa vijiko, nyaya na vyuma alivyookota. Usiige. Angalia jinsi kila kipande bado kinakumbuka kilikuwa nini zamani.

Hatua ya 8: Nenda ukaione mashine yenyewe

Ukiwa Ulaya, Nantes nchini Ufaransa, mji alikozaliwa Verne, kuna tembo wa chuma na mbao mwenye kimo cha mita 12 anayetembea akiwa amebeba watu. Paris, kituo cha metro cha Arts et Métiers kimefunikwa shaba kama tumbo la nyambizi. New Zealand, mji wa Oamaru una jumba zima la stimpanki.

Ukiwa Afrika Mashariki, nenda Makumbusho ya Reli Nairobi. Humo imo injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai, moja ya injini 34 za aina iitwayo Garratt zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli yetu, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Inazidi tani 250, na hakuna injini za mvuke za reli yenye upana wa mita moja zilizowahi kuwa kubwa kuliko hizo. Nenda asubuhi kabla chuma hakijashika jua. Beba daftari na penseli, vaa nguo zisizoogopa grisi. Ukiruhusiwa, panda kwenye chumba cha dereva na usianze kupiga picha. Hesabu vali kwanza. Fuata bomba moja kwa kidole mpaka uone linakoishia, kisha lichore.

Halafu geuka utafute nafasi ya mtu wa moto. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo hutakuta koleo la makaa, utakuta vali za kurekebisha moto na kiti chake upande wa pili wa dereva. Kaa pale kama utaruhusiwa. Angalia mikono yako ingefika wapi, na dirisha lingekuonyesha nini kutoka Mombasa mpaka Nairobi usiku. Andika hayo kabla hujashuka.